Safari Ndiyo Inayokula Mafuta
Mhadhara wa wazi, Bwizibwera

Nitasema Kiswahili, kwa kuwa hapa amekaa Mnyankole, Mkongomani, Mrundi na Msomali, na petroli wote tunainunua kwa shilingi ileile.

Swali nililopewa linaulizwa kila siku kwenye yadi za magari, Mbarara na Kampala. Mnunuzi analizunguka gari, anapiga teke tairi, anafunguliwa boneti na kutazama ndani kwa uso wa mtu anayejua, kisha anamgeukia dalali: "Hii inakula vipi?" Dalali hajawahi kukosa jibu. "Hii, mzee wangu? Kilomita kumi na nane kwa lita. Inanusa tu." Kama ni Vitz au Passo, kumi na nane inapanda mpaka ishirini. Mwezi hauishi, mnunuzi yuko gereji na hasira zake, gari linampa kumi na moja, na fundi naye hakosi kitu cha kubadilisha.

Ninachotaka kuwaambia ni kwamba watu hawa watatu, dalali, mnunuzi na fundi, wanabishana juu ya kitu kisichokuwepo. Gari halina ulaji wake uliogongwa mwilini kama namba ya chesisi. Ulaji ni wa safari. Barabara, mzigo, mwendo, mguu wa dereva na hali ya injini siku ile ndivyo vinavyokula. Asiyepima safari yake mwenyewe atabaki kununua na kutengeneza gari kwa namba za watu wengine.

Basi tuanze na hao watu wengine. Premio, Spacio, Fielder, Raum, Vitz na Passo tunazoziona Ankole zilitengenezwa Japani, nyingi zikiwa za miaka ya 2000 na kitu, zikatumika huko kabla ya kupakiwa melini. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, lakini yaliyokwisha kuingia hayakufukuzwa, na yangali yakitembea. Kuanzia mwaka 1991 Japani ilipima magari kwa kipimo kilichoitwa 10-15, na namba anayoitaja dalali, kama hakuitunga pale pale, ndiko ilikotoka.

Kipimo chenyewe kilifanyika ndani ya jengo. Gari lilipandishwa juu ya magogo ya chuma yanayozunguka chini ya matairi, likakimbia bila kwenda popote. Injini ilikuwa imekwisha kupashwa moto na kiyoyozi kimezimwa. Uzito uliohesabiwa ni wa gari tupu na watu wawili, kilo 55 kila mmoja. Kisha dereva alifuata mchoro wa mwendo kwa sekunde 660: anaondoka, anaongeza, anapunguza, anasimama taa nyekundu isiyokuwepo, anaondoka tena. Umbali wote ni kilomita 4.16. Mwendo wa wastani ni kilomita 22.7 kwa saa, na wa juu kabisa ni 70. Hakuna kilima, hakuna upepo, hakuna vumbi, hakuna mama wa sokoni anayepunga mkono upande wa pili wa barabara.

Msiwacheke Wajapani. Walikuwa wakijibu swali lao: mtu mmoja au wawili ndani ya foleni ya Tokyo, gari lipi litawagharimu kidogo kuliko lingine? Kwa kulinganisha gari na gari, kipimo hicho kilifaa. Walipoona mwendo wa watu umebadilika walileta kingine, JC08, chenye sekunde 1,204 na mwendo wa juu wa kilomita 81.6, na sehemu yake kikaanza injini ikiwa baridi, kama injini za asubuhi zilivyo. Magari yaleyale yalipopimwa upya, namba zilishuka, na hakuna hata skrubu moja iliyobadilishwa.

Marekani walilikabili jambo hili mapema zaidi. Serikali yao ilipoona wananchi wanalalamika kwamba hawapati namba za kwenye kibandiko, kuanzia magari ya mwaka 1985 ilichukua matokeo ya maabara ikayakata: asilimia 10 kwa mjini, asilimia 22 kwa barabara kuu. Naupenda uungwana huo. Mtu anakiri kwamba jengo si barabara, halafu anakata. Ulaya walichelewa. Baraza la Kimataifa la Usafiri Safi, ICCT, lililinganisha namba rasmi na kumbukumbu za madereva wenyewe, likaona pengo la asilimia kama 9 mwaka 2001 likikua hadi kufikia asilimia 40 hivi mwaka 2015. Watengenezaji walikuwa wamejifunza kuushinda mtihani kuliko kuishinda barabara.

Na wapo walioudanganya mtihani wenyewe. Magogo yale ya chuma hayajui gari lina ugumu gani wa kusukumwa. Lazima yaambiwe, na namba hiyo hutoka kwa mtengenezaji, baada ya kuliachia gari liteleze kwenye uwanja wa majaribio mpaka mwendo upungue. Mwezi wa Aprili 2016 kampuni ya Mitsubishi ilikiri kwamba namba hizo zilichezewa kwa magari madogo laki sita na elfu ishirini na tano, mengine yakiwa yameuzwa kwa jina la Nissan. Aliyegundua ni Nissan, alipoyapima mwenyewe. Kumbukeni hilo tutakapofika mwisho.

Sasa tuje kwenye steji ya magari ya hapa. Premio iliyoundwa kwa ajili ya watu watano inaondoka kwenda Mbarara na wanne nyuma, wawili kiti cha abiria mbele, na mara nyingine mwingine amebanwa na dereva kwenye kiti kimoja, wote wakiegemeana kwa adabu kila giya inapoingia. Buti limefungwa kwa kamba kwa sababu mikungu ya matooke haiingii yote. Sisemi haya ili niwachongee kwa trafiki. Trafiki wanayaona kila siku. Nasema kwa sababu ya kilo. Watu wanane, tukiwakadiria kilo 60 kila mmoja, ni kilo 480, na matooke bado hatujayapima. Vitz nzima ina kama kilo 900 hadi 1,000. Yaani kwenye Vitz iliyojaa hivyo, theluthi moja ya kinachotembea si gari.

Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila kilo 45 zinazoongezwa hupunguza umbali kwa lita kwa asilimia 1 hivi, na gari dogo huumia zaidi. Kwa makadirio hayo, kilo 370 juu ya wale Wajapani wawili wa kilo 55 zinakula asilimia 8. Hiyo ni tambarare. Hapa kwetu kila kilo hupandishwa kilima, na petroli iliyoipandisha hairudi wakati wa kuteremka, kwa kuwa dereva huimaliza kwenye breki kwa njia ya joto.

Hapo ndipo hadithi ya "injini ndogo inanusa" inapovunjika. Injini ya lita moja ikiwa na mtu mmoja hakika haili sana. Ipakieni watu wanane, ipandisheni mlima, dereva akanyage mafuta mpaka mwisho. Kompyuta ya injini, ikiona imekanyagwa hivyo, huongeza petroli kupita kiwango cha kawaida ili injini itoe nguvu zake zote na isichemke ndani. Giya ya chini, kelele nyingi, mwendo wa kobe. Gari la lita moja na nusu linapanda kilima hicho nusu ya pedali, na mwisho wa siku linaweza kuwa limekula sawa na lile dogo, au pungufu. Anayenunua gari la kubeba watu kwa kutazama ukubwa wa injini peke yake anatazama mahali pasipo na jibu.

Lakini tuwatendee haki madereva wetu. Lita inapimwa kwa kilomita, ilhali anayelipa nauli ni mtu. Chukueni namba za mfano, mzibadilishe mkipata zenu. Premio ikiwa na bwana mkubwa peke yake inakwenda kilomita 13 kwa lita: lita moja imemsafirisha mtu mmoja kilomita 13. Premio hiyo ikiwa na abiria wanne inashuka hadi 12, lakini lita imetoa kilomita 48 za abiria. Ikijazwa watu wanane, yaani dereva na abiria saba, inashuka hadi 11, na lita imetoa 77. Boda ya kilomita 40 kwa lita ikibeba abiria wawili inatoa 80. Hiace ya abiria 14 ikipata kilomita 9 tu kwa lita inatoa 126, na kila mtu amekaa kwenye kiti chake. Ndiyo maana matangazo dhidi ya kujaza magari hayajafua dafu: yanashindana na hesabu ambayo dereva anaifanya kichwani kila akiwasha gari. Breki na tairi za Premio, hata hivyo, hazikuhesabiwa kwa watu wanane, na kwenye mteremko hesabu ya kilomita 77 haimsaidii yeyote. Jibu la halali la hesabu hii ni Hiace iliyojaa kihalali. Halmashauri ikitaka kuondoa gari dogo lililojazwa kwenye njia hii, kwanza iifanye Hiace ijae haraka.

Kuhusu mizigo ya juu ya paa nitapita upesi. Wizara hiyohiyo ya Marekani inasema sanduku kubwa la mizigo juu ya gari hupunguza umbali kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, na 6 hadi 17 barabara kuu. Hilo ni sanduku la kiwandani. Mikungu ya matooke haikuchongwa na mhandisi yeyote. Faraja yetu ni moja: Mbarara iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia kumi na kitu, na ukinzani wa hewa unapungua kwa kiasi hicho. Anayekwenda Kampala kwa mwendo wa kilomita 70 au 80, bila kukimbizana na mabasi, anaweza kupata namba inayokaribia ya dalali. Akifika 110, ukinzani wa hewa umekaribia maradufu ya ule wa 80.

Naja gereji, na hapa naomba mafundi wanivumilie.

Injini yenu ina themostati, mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la nyuzi 80 hivi. Gari likichemka mara moja, fundi anaitoa na kuitupa: "Hii ni ya nchi za baridi." Gari halichemki tena, mteja anashukuru, na tangu siku hiyo injini haipati joto lake. Kompyuta inasoma baridi, nayo ikisoma baridi inamwaga petroli ya ziada, kama injini ndiyo kwanza imeamka. Gari la otomatiki linaweza hata kukataa kuingia giya ya juu kabisa, kwa kuwa linasubiri joto lisilokuja. Asubuhi za Bwizibwera mnazijua. Kile kilichomchemshia mteja gari, rejeta iliyoziba au feni mbovu, bado kipo palepale. Sijui desturi nyingine ya gereji zetu inayokula petroli nyingi kwa shukrani nyingi hivyo.

Desturi ya pili ni ya madereva: kutia nyutro mteremkoni na kujisifu kwamba unatembea bure. Enzi za kabureta kulikuwa na mantiki kidogo. Injini za nozeli na kompyuta, ukiacha giya ndani na ukatoa mguu kwenye mafuta, hukata petroli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia nyutro, injini inalazimika kunguruma kwa petroli yake isizime. Kwenye kiteremko kidogo kilichonyooka, nyutro inaweza kukufikisha mbali kidogo zaidi, nakubali. Kwenye mteremko unaokulazimisha kushika breki, umelipa petroli ili upate kazi ya kuchemsha breki.

Kuna pia jambo la sindano ya mafuta kulala chini siku zote. Dereva wa kukodi humpelekea mwenye gari hesabu yake jioni, petroli ni juu ya dereva mwenyewe, basi anaweka ya elfu kumi, anatembea, anaweka nyingine. Pampu ya petroli imewekwa ndani ya tenki, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Tenki likiwa tupu kila siku pampu inafanya kazi kwenye joto, ikivuta na uchafu wa chini. Najua hakuna anayefanya hivyo kwa kupenda.

Tuteremke Nakivale. Makazi yale ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, kwa ajili ya waliokimbia Rwanda. Leo wanaishi humo zaidi ya watu laki moja na nusu, na asilimia kubwa wametoka Kongo. Kutoka Mbarara unaweza kufuata lami ya kwenda Kikagati mpaka Isingiro, kisha unaingia kwenye udongo na changarawe. Hapo namba ya Japani imeachwa mbali. Giya ya pili na ya tatu, breki kila shimo, na mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba zikinyesha, tairi linazunguka mara mbili ili gari lisogee mara moja. Gari lililotoa 13 kwenye lami likitoa 9 humo halina ugonjwa.

Mgonjwa akipelekwa Mbarara usiku, familia inakodi gari zima. Tuseme kilomita 60 kwenda. Dereva atarudi mtupu, kwa hiyo ni 120. Kwa kilomita 9 kwa lita ni lita 13 na kitu, na tukiweka lita kwa shilingi 5,000, ni zaidi ya 66,000 za petroli peke yake, kabla ya jasho la dereva, tairi na mwenye gari. Nusu ya petroli hiyo imerudisha kiti kitupu. Wanaolalamika kwamba madereva wa Base Camp, huko Nakivale, ni wakali wa bei wangefikiri pia ni nani angeweza kumpatia dereva abiria wa kurudi saa nane za usiku.

Halafu kuna petroli ya chupa na jerikeni kando ya njia. Pampu ya kituo hukaguliwa na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, na kubandikwa stika. Chupa haikaguliwi na mtu. Petroli iliyoshinda juani inatanuka, karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi kumi za joto, na sehemu zake nyepesi, zile zinazosaidia injini kuwaka asubuhi, zinaruka kila kifuniko kinapofunguliwa. Ikichanganywa na mafuta ya taa, injini inagonga na plagi zinachafuka. Mama anayeuza simlaumu. Anafanya kazi ambayo kituo kimekataa kuifuata huko. Ila isiwekwe karibu na jiko, na anayepima ulaji wa gari lake asipime kwa chupa.

Sehemu kubwa ya petroli tunayoijadili imeshuka Mombasa na kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kufika Mbarara. Januari 2022 madereva wa malori walipogoma mpakani kwa ajili ya vipimo vya korona, petroli iliadimika na bei ikaruka, mikoani kuliko Kampala. Sisi tuko mwisho wa mrija.

Ndugu mmoja ameniletea kikaratasi akiuliza juu ya magari ya haibridi. Ni mazuri, lakini yanapata faida pale breki zinaposhikwa mara nyingi kwenye foleni, kwa kuwa yanarudisha nguvu hiyo kwenye betri. Barabara yetu hii ya Ibanda haina foleni. Kwa anayeishi Kampala ningesema sawa. Kwa hapa, na betri iliyokwisha kutumika miaka kumi, ningesubiri.

Sasa kupima wenyewe, kama alivyofanya Nissan. Jazeni tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, msiongeze. Andikeni kilomita zilizo kwenye dashibodi. Tembeeni kazi zenu za kawaida, kisha rudini kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, mjaze tena mpaka ijikate. Pampu inaonyesha shilingi na lita. Sisi tumezoea kutazama shilingi. Andikeni lita. Kilomita mlizotembea zigawanywe kwa lita za kujaza mara ya pili. Andikeni kando yake mlibeba nini na mlipita wapi. Asiyeweza kujaza asubiri taa ya mafuta iwake mahali tambarare, aweke lita tano kamili, atembee mpaka iwake tena tambarare. Njia hii ni hafifu, lakini ikirudiwa mara kadhaa na kupigiwa wastani inasema kitu.

Waliobadilisha tairi kuweka kubwa zaidi ili gari linyanyuke waangalie: tairi lililokua kwa asilimia 5 linafanya dashibodi ihesabu kilomita 95 hivi mahali ulipotembea 100, na mtalia gari linakula kumbe linahesabu vibaya. Lipimeni umbali mara moja kwa simu.

Mkiona tofauti ya asilimia tano kati ya siku na siku, iacheni. Ni pampu, ni upepo, ni abiria. Ikishuka kwa asilimia kumi na tano na njia ni ileile na mzigo ni uleule, anzeni na upepo wa tairi. Kisha shikeni rimu baada ya safari, mwone kama kuna moja yenye joto kuliko wenzake, maana hapo breki imeshika. Kisha themostati, kama bado ipo. Kisha chujio la hewa na plagi. Sensa ya oksijeni iwe ya mwisho, kwa kuwa ni ghali, na ndiyo fundi atakayoitaja kwanza.